Kiazi Kilichoumwa

Okiror, fundi baiskeli wa hapa Ngora, ni mtu wa maneno machache, na tangu afiwe na mkewe hata hayo machache aliyabania. Tulishamzoea hivyo. Kisha siku moja mama mmoja mnene akasukuma baiskeli hadi kibandani, akasimama kutazama pancha ikizibwa.

"Kiraka kimekaa upande, kama hesabu zako za darasa la sita."

Okiror akainua kichwa. "Amongin? Mwizi wa viazi! Bado uko hai?"

"Nife, viazi nimwachie nani?"

Miaka arobaini! Shuleni walikaa dawati moja, na kila asubuhi Amongin alikiuma kiazi cha Okiror mara moja, akakirudisha mfukoni mwa mwenyewe, eti amekipiga muhuri wengine wasikiibe. Baadaye akaolewa mbali. Sasa alikuwa amerudi kwao, na kila siku ya soko alipita kibandani wakatukanana mpaka wateja wakasahau kilichowaleta. Nilimsikia Okiror akicheka. Nilifurahi, sikufichi.

Kumbe Emorut, mwanawe Okiror, naye alikuwa haendi sokoni bure. Alikuwa na binti wa Amongin, na sasa alitaka kuoa. Nasi Wateso mkwe hatumtanii. Unamwinamishia macho, unakunywa pombe kwenye chungu chako mbali na chake, basi.

"Mwambie mwanao atafute kwingine," Amongin alisema.

"Nimkatalie kijana kwa ajili ya kiazi?"

"Si kiazi, mjinga wewe! Nimekupata juzi tu."

Okiror alizungusha gurudumu lisilo na kasoro. "Mimi pia," akasema. "Basi nitukane yote leo, usibakize."

Akamtukana hadi soko likafungwa.

Siku ya posa Okiror alivaa koti la harusi yake mwenyewe, akaketi nasi wanaume, macho chini. Amongin alipiga magoti, akasema, "Karibuni, wakwe zetu," kwa sauti ya kanisani. Hawakutazamana. Nilimhurumia rafiki yangu, nikamwona anaanza kurudia ububu wake.

Chakula kikaja, kila mtu na sahani yake. Okiror akafunua yake: viazi vitatu, kimoja kimeumwa.

Mzee wa upande wa binti aliona, akafadhaika. "Aibu gani hii! Leteni sahani nyingine!"

"Acha, mzee," Okiror akasema, akiivuta sahani kwake, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Hiki ni changu."