Irabu ya Mwisho ya Kaka

Kaka yangu alifundisha kwaya miaka thelathini na mmoja, katika chumba chenye kinanda kilichong'oka vitufe viwili, na wanafunzi walimbandika jina la Mwalimu Irabu. Kisa? Wale wazee wa Ulaya waliokufa zamani, waliotunga nyimbo alizofundisha, hakukubali majina yao yasemwe ovyo. Aliyaandika kwenye vikadi, na kila irabu ya kuvutwa akaipigia mstari mwekundu. Ukikosea, unarudia mpaka kengele ilie.

"Mtu amekupa wimbo," alikuwa akisema, "wewe unamnyima hata jina lake?"

Haya, na yeye je? Alitunga nyimbo kumi na tisa, na nne zilipigwa redioni Jumapili asubuhi. Jina lake kwetu lina irabu ya mwisho ambayo unaivuta mpaka pumzi ikaribie kwisha. Mjini wanaikata kama ncha ya bamia. Kila Jumapili mtangazaji aliikata, na kila Jumapili kaka alizima redio akaenda kunawa uso. Aliwahi kumwandikia barua, na mstari mwekundu akauchora. Wapi! Mimi mdomo wangu hauna breki; Jumapili moja nilipomtembelea kaka, nilimtukana yule mtangazaji mbele ya kile kisanduku, nikamwambia mwacha asili ni mtumwa. Kaka alicheka mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho ndicho kilichomleta kwangu mjini, nilikoolewa tangu nina miaka ishirini. Kitandani hakuomba mengi. Alinishika kiganja.

"Mdogo wangu, wasifu wangu usome wewe. Nataka walau mara moja jina langu lisemwe lote mbele za watu."

Nikamwambia aache upuuzi, yeye ndiye atakayenizika mimi. Hakunizika.

Siku tatu kabla ya maziko nililia huku nikifanya mazoezi. Majina ya wale wazee wa Ulaya niliyarudia jikoni, vikadi vyake mkononi, nisije nikamtia aibu. La kwake sikulifanyia mazoezi. Nani anajifunza jina la kaka yake wa tumbo moja?

Makaburini nikasimama na karatasi yangu. Nikasoma shule alizofundisha, nyimbo alizotunga, na wale wazee wa Ulaya aliowapenda. Kila mmoja nilimpa irabu zake zote. Jina lake nililiacha liwe la mwisho kabisa, likae masikioni mwa watu. Sasa, maisha yangu yote nilimwita Kaka tu. Jina lenyewe sikumbuki nililitamka lini.

Likatoka fupi. Limekatwa, kama la redioni.

Waombolezaji wengi walikuwa watu wa mjini, hakuna aliyeinua kichwa. Ila wifi yangu, mjane wake, aliyesimama karibu na jeneza, alifumba macho. Nikavuta pumzi, nikarudia.

Likatoka fupi vilevile.