Anayelipwa Asigonge Muhuri

Saa moja na dakika ishirini asubuhi, Lou Caizhen anatoa muhuri wa kampuni kwenye kabati la chuma, anausogeza karibu na mdomo na kuupulizia pumzi ya joto ili wino ukolee. Kisha anaugandamiza juu ya mkataba wa kuuza soksi. Duara jekundu linatokea kamili, na nyota katikati.

Hapa Datang, mkoani Zhejiang, China, saini ya bosi haitoshi. Watu huangalia duara hilo kwanza. Lou, mwenye umri wa miaka hamsini na mitatu, ndiye anayelitunza katika kiwanda cha Shou Guoliang chenye wafanyakazi tisini. Mshahara wake ni yuan 5,800 kwa mwezi.

“Kugonga muhuri hata nyani anaweza,” anasema. “Mimi nalipwa kwa kutogonga.”

Majira ya kuchipua mwaka huu, kauli hiyo ilikaribia kumfukuzisha kazi.

Kwa miaka mingi, wenye viwanda wa Datang walidhaminiana mikopo: leo wewe kwangu, kesho mimi kwako. Kumkatalia jirani kulikuwa kumvunjia heshima mbele za watu. Lakini mmoja akishindwa kulipa, benki ilimgeukia mdhamini wake, kisha mdhamini wa mdhamini. Kiwanda alichofanyia kazi Lou hapo awali kilifungwa hivyo, soksi zake zikiwa bado zinanunuliwa. Aliondoka akiwa hajalipwa mishahara ya miezi mitatu.

Kwa hiyo Bian Weijun, mwenye kiwanda cha jirani, alipofika na karatasi ya dhamana ya yuan milioni tatu, Lou alijua ni karatasi gani kabla hajaisoma.

“Dada Lou, lete muhuri,” Shou alimwita. “Bian ni mtu wetu.”

“Nitauleta, bosi. Azimio la wanahisa liko wapi?”

“Mwanahisa si ndiye mimi?”

“Wewe na dada yako.”

Bian alicheka. “Shou, huyu umemwajiri au umemwoa?”

“Ningekuwa nimemwoa, ningeshaomba msamaha,” Shou alijibu, lakini hakuwa akicheka. “Caizhen, wewe ni polisi?”

“Ningekuwa polisi ungenihonga. Sasa unanipa mshahara tu.”

Shou alimwambia aweke ufunguo wa kabati mezani. Lou aliuweka.

“Huo hapo,” alisema. “Ila ukiuchukua, mimi nikitoka mlango huo sirudi.”

Shou aliutazama ufunguo. Hakuugusa. Alichukua simu na kumpigia dada yake, Yuefen, anayeishi Hangzhou.

Sheria ya kampuni inataka dhamana ya namna hiyo iamuliwe na wanahisa au bodi, kadiri katiba ya kampuni inavyosema. Katiba ya kiwanda hiki inataka ndugu hao wawili wakubaliane. Zamani benki nyingi ziliridhika na wino mwekundu. Siku hizi, shauri likifika mahakamani, benki huulizwa kama ililikagua azimio.

Yuefen alikataa. “Kaka Bian nampenda,” alisema kwenye spika ya simu. “Lakini ana mashine hamsini za kufuma pale. Kwa nini asiziweke rehani yeye mwenyewe?”

“Zikichukuliwa nitafuma kwa vidole?” Bian aliuliza.

“Nani azichukue? Zinaandikishwa tu. Zinabaki hapo hapo zinafuma.”

Bian aliifahamu njia hiyo. Kizuizi chake kilikuwa aibu: katika mji huu, anayeweka mashine rehani huonekana amefilisika, na anayedhaminiwa na rafiki huonekana ana marafiki. Aliondoka bila kunywa chai. Kwa siku kadhaa yeye na Shou hawakusalimiana.

Kinachoibadili hesabu hiyo ni rejesta moja ya taifa ya rehani za mali zinazohamishika. Mkopeshaji yeyote anaweza kuangalia kama mashine tayari zina deni la mwingine. Kabla yake, asema afisa mikopo aliyeshughulikia ombi la Bian, benki ilitaka ardhi au jirani. Mashine ilikuwa chuma tu.

Lou hajutii. “Bosi angegonga, ningelala nikihesabu mashine za Bian badala ya kondoo,” anasema. Anataka kufanya kazi miaka miwili zaidi, kisha arudi kijijini kwa mumewe, wanakolima chai.

Alhamisi ya wiki iliyofuata baada ya mvutano huo, Bian alimeza aibu yake, akaenda benki mwenyewe na orodha ya mashine zake. Rehani ilisajiliwa. Benki haikutoa milioni tatu. Ilitoa milioni mbili na laki mbili, na fedha ziliingia Jumatatu mchana.

Jioni hiyo Bian alimwita Shou kwenye mgahawa wa tambi. “Njoo na polisi wako,” alisema.

Walikaa watatu meza moja. Lou alikula mabakuli mawili. Bian alilipa.