Mtawa Aliyekataa Mkono wa Mjane

Mchungaji Kyule hakufa Mbudha. Alibatizwa angali mtoto, akahubiri utu uzima wake wote, akazikwa kwa nyimbo za kanisa lake, na anayesema vinginevyo pale mtaani Jericho ameyaokota kwenye foleni ya maji. Hivyo ndivyo mjane wake, Mwalimu Kavutha, alivyowajibu wazee wa kanisa walipomweleza kwamba picha ya marehemu ingesubiri kwanza kabla ya kutundikwa ukumbini pamoja na za wachungaji wenzake.

Maneno yenyewe yalianzia matangani. Alasiri alikuja mgeni mwenye kichwa kilichonyolewa, amejitanda nguo ya rangi ya chungwa. Kavutha alimnyoshea mkono apokee pole. Mgeni akakutanisha viganja vyake kifuani na kuinama tu. Akaletewa pilau, akaikataa. Katika mtaa ule, mtu akimnyima mjane mkono na kususa chakula cha msiba, lazima ana lake jambo. Kabla sufuria hazijaoshwa, watu walikuwa na hadithi kamili: Mchungaji aliingia dini ya yule mtu huko gerezani, na mkewe alijua akaficha.

Ukweli ni kwamba mkewe hakujua kitu. Kyule alikuwa kasisi wa wafungwa miaka mingi, na ya gerezani aliyaacha getini. Kavutha, aliyestaafu akiwa mwalimu mkuu na hakuzoea kukosa jibu, alifunga safari hadi Majengo kwa Sheikh Wehliye, aliyehudumu na mumewe gereza lile lile.

Sheikh alimsimulia tangu mwanzo, kama alivyosikia kwa waliomtangulia. Zamani pale palikuwa na kasisi wa Kikristo peke yake, na kazi yake kubwa ilikuwa kuwasindikiza waliohukumiwa kitanzi. Baadaye wakaingia masheikh, chumba kikawa kimoja kwa wote: Ijumaa mikeka, Jumapili mabenchi, na Mhindu akija na taa zake za Diwali, mabenchi yanasogezwa tena. Kisha akaletwa baharia wa kutoka Sri Lanka ambaye hakuwa wa dini ya yeyote kati yao. Askari wakamwita mpagani. Kyule akasema kila mfungwa ana haki ya kumwona kiongozi wa dini yake, akazunguka Nairobi hadi akampata yule mtawa wa Kibudha. Ila mtawa hakuruhusiwa kukaa na mfungwa bila kasisi kuwapo. Basi Kyule naye akavua viatu, akaketi sakafuni pamoja nao, kimya, macho amefumba. Askari mmoja anayeishi Jericho akachungulia dirishani.

"Kwa hiyo alisali nao?" Kavutha aliuliza.

"Mwalimu, mumeo alikuwa amelala. Mtawa mwenyewe aliniambia alikoroma."

Kavutha alicheka kwa mara ya kwanza tangu azike. Mkoromo ule aliujua. Akauliza, basi, kwa nini alinyimwa mkono.

"Mtawa hagusi mwanamke, na adhuhuri ikishapita hali chakula. Mimi nimekuja kwenu miaka yote hii bila kukupa mkono. Umewahi kuninunia?"

Hakuwahi. Desturi za Waislamu wa Majengo alizizoea tangu utotoni. Za huyu mgeni hakuna aliyekuwa amemfundisha.

Akamwalika mtawa tena, safari hii asubuhi, kwa chai na viazi vitamu. Akamwita pia Mama Kanyiva, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aje ajionee. Mtawa alikula akashiba. Wakati wa kuaga alimsimulia Kavutha kando, kwa Kiswahili cha kuungaunga, jinsi baharia yule alivyofia gerezani Kyule akiwa amemshika mkono, na maneno waliyosemezana wawili hao, yeye mtawa akisikia.

Mtawa alipoondoka, Mama Kanyiva alisogeza kiti. Ya mkono na ya pilau ameyaelewa, alisema, na atawaeleza wazee. Wamebakisha swali moja dogo: yule baharia aliokoka? Kama Mchungaji alimleta kwa Yesu, picha itapanda Jumapili hii hii.

Kavutha alikusanya vikombe polepole. Jibu alikuwa nalo, bado la moto.

"Hilo mume wangu aliliacha getini," alisema. "Siendi kulichukua."

"Hata mimi, Mwalimu? Ni neno moja tu, ndiyo au la."

"Hata wewe. Ukuta wangu pia una msumari wa kutundikia picha. Sisemi."