Mikanda Iliyotakata

Katika klabu ya ndege zisizo na injini wanamwita Bi Mkasi, na jina hilo hakulipata kwa kushona. Kushona anajua sana. Alishona viti vya magari miaka kumi na tano. Lakini mkanda wa kiti cha ndege haushonwi na kila mwenye sindano. Ukichakaa unarudishwa kwa walioutengeneza, au unakatwa vipande, asije mjanja mmoja akaurudisha kazini. Yeye, mkaguzi wa mikanda, huupitisha vidoleni taratibu, akitafuta nyuzi zilizochomwa na jua, kisha hufunga na kufungua kifungio mara ishirini huku ametega sikio. Akiingiza tu mkono mfukoni kutoa mkasi, marubani huanza kuomba radhi.

Jumamosi hiyo kitindamimba wake alikuwa arushe ndege peke yake kwa mara ya kwanza. Binti alikuwa ameisubiri siku hiyo miezi minane. Bi Mkasi akafika bandani mapema, akainua kifuniko cha kioo, akapigwa na butwaa. Mikanda minne, jana ikiwa na rangi ya chai, sasa ilikuwa nyeupe pepepe.

Nyuma yake mumewe, mwalimu mstaafu asiyejua kukaa bure, alisimama kifua mbele.

"Umeona, mama watoto? Nimeifua jana. Mtoto apande na uchafu siku yake kubwa?"

"Umefulia nini?"

"Sabuni. Na ile dawa ya madoa, kifuniko kimoja tu." Akakohoa. "Haya, vitatu."

Maskini, alifanya kwa mapenzi. Lakini dawa inayokula doa hula na uzi, na macho hayaoni kitu mpaka siku ndege itue vibaya. Bi Mkasi akanusa mkanda, akauvuta, akaunusa tena. Binti yake naye alikuwa amekwisha fika.

"Mama, mbona ni mizima?"

"Sijui kama ni mizima. Wewe hujui, na baba yako ndiyo kabisa."

Akatoa mkasi, akaikata yote minne. Baba akashika kichwa. Binti akaenda kukaa peke yake nyasini, kanuna, na mikanda mipya ingechukua wiki mbili kufika.

Siku tatu nyumba nzima ilikuwa baridi. Siku ya nne, wakiosha vyombo, binti akauliza bila kugeuka:

"Ingekuwa ndege ya mtu mwingine, ungekata?"

"Ningekata."

"Vilevile?"

"Vilevile hapana. Ya mtu mwingine mikono isingetetemeka."

Binti akaangua kicheko. "Kumbe ndiyo maana ulikata upande!"

Mikanda ilipofika, Bi Mkasi aliifunga mwenyewe, akamkaza binti yake mpaka akaguna. Ndege ikavutwa, ikapaa. Yeye akageukia ukuta wa banda, akafumba macho. Ikabidi mumewe amsimulie: sasa amepinda, sasa anashuka, sasa ametua, mama watoto, ametua!

Ndege ikasimama, lakini binti hakutoka. Bi Mkasi akatimua mbio, kiatu kimoja kikabaki nyuma, akafika akihema.

"Vipi? Kifungio kimekwama?"

Binti alikuwa bado amefungwa barabara, machozi yanamtoka huku anacheka.

"Hakijakwama, mama. Nilitaka unifungue wewe."