Maua ya Msiba wa Mke Wangu

Alfajiri, kabla bodaboda hazijaanza kelele zao kwenye barabara ya Bonga, mke wangu alikuwa akivaa kandambili na kuzunguka bustani yake ya maua. Mimi nilimfuata nyuma na kikombe cha chai, naye akinionyesha ua lililofunguka usiku ule. Hatukuwa na maneno mengi. Ilikuwa raha yetu.

Jirani akifiwa, alikuja kwetu kuomba maua ya kaburini. Mke wangu hakumnyima mtu, ila kisu alikishika mwenyewe, na maua ambayo hayajafunguka hakuyagusa. "Haya bado watoto," alisema.

Alipofariki yeye, hakuna aliyeniomba. Kina mama wa jumuiya waliingia na visu vyao vya jikoni wakakata yote, hata yale ambayo hayajafunguka, na walifanya hivyo kwa upendo. Kaburi likafunikwa mpaka udongo hauonekani. Kesho yake nilitoka na chai yangu, nikakuta vijiti vitupu.

Sasa mvua zimenyesha na mawaridi yamechanua tena, mengi kuliko mwanzo. Wapita njia wananiambia, "Shikamoo baba, hongera, bustani imependeza." Hongera ya nini? Nazunguka kila alfajiri kwa mazoea tu, chai inapoa mkononi. Nayatazama maua yale na silijui hata moja, kwa sababu miaka yote ile mimi nilikuwa namtazama yeye.