Mtoto Asiyecheza na Wenzake

Leo nimegombezwa na watoto wa miaka mitano, na walikuwa na haki.

Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Bungoma. Leo tulikuwa tunapima vile watoto wanachangamana, kwa hivyo niliwaacha wacheze wanavyotaka, nikakaa kando na kalamu. Nimechoka ajabu, lakini kazi ni kazi.

Nekesa alikuwa amelala kwa nyasi. Haongei, hachezi. Wenzake wamemzunguka wanapiga kelele.

Nikaandika: hachangamani.

Halafu roho ikanisuta, nikaenda kumuuliza, "Nekesa, mbona huchezi?"

Wenzake wakanirukia. "Ticha, usimwongeleshe! Amekufa!"

Kumbe ni matanga. Kuna mchungaji, kuna wapishi, kuna wa kulia. Na mimi nimeingia kwa matanga ya watu kuongelesha maiti.

"Na wewe, ticha," mchungaji akauliza, "mbona hulii?"

Nikaangalia kile nilikuwa nimeandika. Wenzangu, niambieni, hapo ni nani hachangamani?

Nekesa akafungua jicho moja. "Ticha, si ulie kidogo tu nizikwe. Uji unapoa."

Nililia, bana. Na vile wiki hii imekuwa, sikuhitaji hata kuigiza.