Mkalimani na Waya wa Vichwa Vitatu

Uchovu wake ulianzia begani, pale mkanda wa mkoba ulipokaa kutwa nzima, ukashuka mpaka vidoleni. Na vidole ndivyo vilivyomlisha. Alikuwa mkalimani wa lugha ya ishara, na watu wa kazini walimwita Mkalimani tu, kana kwamba hakuwahi kupewa jina.

Alizaliwa na mama kiziwi. Kabla hajajua kuvaa viatu bila kuvigeuza, alikuwa tayari anamsemea mama yake dukani, zahanati na kwa mwenye nyumba. Siku moja mwenye nyumba alikuja akifoka, bomba limepasuka na kosa lote ni la wapangaji. Yule mtoto akamgeukia mama yake, akamwashiria, "Anasema samahani, bomba lake ni bovu." Mama akatabasamu, akaweka mkono kifuani kushukuru. Mwenye nyumba akabaki mdomo wazi, kisha akaenda kutafuta fundi.

Ukubwani kazi ikawa ileile, ila sasa hakuruhusiwa kutia chumvi. Asubuhi alikuwa mahakamani, mchana benki au ofisi ya ardhi, alasiri hospitali. Katikati ya hayo simu ilikuwa ikiwaka, kiziwi mmoja amekwama dirishani kwa karani, anataka mtu wa kumsemea kwa video. Mkalimani alitafuta ukuta, akaisimamisha simu juu ya chochote, akarudi nyuma hatua kadhaa ili mikono yake yote miwili ionekane, akaanza. Watu waliopita walidhani anacheza.

Ndiyo maana mkoba wake ulikuwa mzito. Mlikuwa na simu yake, yenye tundu bapa la kuchajia. Mlikuwa na simu ya chama cha viziwi, ya kizamani, ambayo namba yake kila kiziwi aliijua, na tundu lake lilikuwa jingine. Mlikuwa pia na taa ndogo ya kubana juu ya simu, maana gizani mikono haisemi, nayo taa ilikuwa na tundu lake la peke yake. Chaja tatu, nyaya tatu, zote zimesukana humo ndani kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Kila akiingiza mkono kutafuta mmoja, alitoa zote, pamoja na kitana na vidonge vya kichwa.

"Siku moja nitazitupa zote," alimwambia mama yake kwenye video.

"Utupe na kazi," mama akajibu kwa mikono, "uje ulale."

Miongoni mwa watu aliowasemea alikuwepo mshonaji mmoja, kiziwi, mjamzito wa mtoto wa kwanza. Mume wake alifanya kazi mbali, na pale nyumbani aliishi na wifi yake, dada wa huyo mume, mtu mwema lakini asiyejua ishara hata ya maji. Walikuwa wakielewana kwa kunyoosheana vidole na kwa kukunjiana uso. Mkalimani alikuwa amemwahidi mshonaji kwamba siku ya kujifungua atakuwa kando ya kitanda chake.

Mtoto hakungoja siku hiyo. Uchungu ulimshika mshonaji mapema, wakati Mkalimani amesafiri mji mwingine kwa kesi. Alikuwa kwenye benchi la ukumbi wa mahakama, mapumziko ya mchana, simu ya chama ilipowaka. Kwenye kioo alionekana muuguzi, nyuma yake mshonaji amelala ubavu, jasho linamtoka.

"Dada, tusaidie," muuguzi akasema. "Tunaongea naye hatuelewani."

Mkalimani aliisimamisha simu kwenye dirisha, akaanza kusema na mshonaji. Akamuuliza maumivu yako wapi, akamweleza apumue vipi. Mshonaji alipomwona alitulia kidogo. Hapo ndipo kioo kilipoandika kwamba chaji inakwisha. Mkalimani aliingiza mkono mmoja mkobani huku mwingine ukiendelea kuongea. Akatoa waya wa simu yake. Akatoa wa taa. Wa simu ya chama haukuwemo. Aliukumbuka palepale: ulikuwa kwenye soketi ya chumba alicholala, nyumba ya wageni, nyuma ya kitanda.

"Kaka, una waya wa kuchaji?" alimwita askari wa mlangoni.

Askari akakimbilia meza yake, akarudi na waya. Ulikuwa wa tundu bapa.

Wakati huo daktari alikuwa ameingia kwenye picha. "Mwambie mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka," akasema. "Hatuwezi kungoja. Tunampeleka chumba cha upasuaji sasa hivi, tutamtoa mtoto, watakuwa salama wote."

Mkalimani aliinua mikono. Akasema: moyo wa mtoto unashuka. Simu ikazima.

Namba ya yule muuguzi ilikuwa ndani ya simu iliyozima. Kwa simu yake mwenyewe alipiga hospitali, ikaita mpaka ikakata, akapiga tena. Kesi ikaitwa, akaingia, akawasemea watu habari za mpaka wa shamba huku moyo wake uko wodini. Baada ya kesi alichukua pikipiki mpaka nyumba ya wageni, akachomeka simu, akakaa sakafuni kando ya kitanda akiingoja iwake. Ilipowaka, akampigia muuguzi kwa video.

"Mama mzima, mtoto wa kike mzima," muuguzi akamwambia. "Ila hapa alitutoa jasho. Alipigana na sisi mpaka tunamvalisha barakoa ya usingizi."

"Naomba nimwone."

Muuguzi alikigeuza kioo. Mshonaji alimwangalia, kisha akafumba macho. Kwa mtu anayesikia kwa macho, kufumba ni kufunga mlango kwa komeo.

Siku chache baadaye Mkalimani alirudi mjini akiwa hana hamu ya kula. Hakulia, alikuwa amechoka mno kulia. Alichoweza kufanya ni kutafuta waya, basi akaenda kuutafuta waya.

Katika korido ya jengo moja la maduka palikuwa na mama mnene mchangamfu aliyeuza vifaa vya simu, aliyejulikana kwa jina la Mama Chaja. Kibanda chake kilining'inia nyaya kila upande mpaka yeye mwenyewe alionekana kama anachungulia kichakani.

"Nataka mmoja," Mkalimani akamwambia. "Uchaji simu hizi mbili na hii taa. Uwe mdogo, usinisumbue mkobani."

"Huo ndio ninao!" Mama Chaja akashusha waya uliotoka mmoja ukagawanyika mikia mitatu. Mkalimani aliutazama tu. Ulikuwa ni fujo ileile ya mkobani, imeunganishwa kichwani.

"Huu je?" Safari hii ulikuwa mfupi kama kidole, wa kuning'inizwa na funguo. Mkalimani akaupenda. Alichomeka simu kwenye soketi ya kibandani, akajaribu kuisimamisha kaunta. Haikufika. Simu ilining'inia ukutani kichwa chini kama popo.

"Kwani lazima isimame?" Mama Chaja akauliza.

"Lazima. Naongea kwa mikono. Wateja wangu ni viziwi, wanatakiwa wanione kuanzia hapa mpaka hapa."

"Yaani unaongea huku inachaji?"

"Ndiyo. Isipochaji inanizimikia katikati ya maneno."

Alivyolitamka hilo, Mama Chaja aliacha kuchekacheka. Alivuta kigoda akampa akae, akaanza kupekua kwenye maboksi ya chini. Akatoa waya wa kujikunja ndani ya kibonge cha plastiki, ukivutwa unatoka, ukiachiwa unarudi. Walivuta, ukarudi. Wakavuta tena, ukagoma katikati, hautoki wala haurudi.

"Huyu kaingia mgomo," Mama Chaja akasema, akautupa pembeni.

Mwishowe ukapatikana mmoja bapa kama utepe, mrefu wa kutoka bega mpaka kiganja, unaokunjwa ukaenea kwenye mfuko wa shati. Kichwa chake kilikuwa kimoja, na vingine viwili vidogo vilivalishwa juu yake kama kofia, kila kimoja kimefungwa kwa kamba ya mpira ili kisipotee. Mkalimani alivuta zile kamba kwa nguvu. Hazikukatika. Alichomeka taa, ikawaka alama ya chaji. Akachomeka simu yake, sawa. Akachomeka ya chama, nayo ikaitika.

"Umeona? Nikufungie," Mama Chaja akasema.

"Bado."

Alikuwa amewahi kuuziwa waya unaoonyesha kwamba unachaji, kumbe video inakunywa chaji haraka kuliko unavyomimina. Akaisimamisha simu ya chama kaunta, ikiwa imechomekwa, akampigia mama yake.

Mama alitokea kwenye kioo na kilemba cha nyumbani. "Umekonda," ndilo neno lake la kwanza. "Na huyo nyuma yako ni nani? Ana uso mzuri."

Mkalimani alitafsiri, Mama Chaja akajitengeneza ushungi na kumpungia mkono. Waliongea. Mama akaeleza habari ya jirani na mbuzi wake, ndefu, yenye kurudi nyuma, na Mkalimani alikuwa akitupia jicho asilimia iliyoandikwa pembeni. Haikushuka. Ikapanda kidogo. Akashusha pumzi.

"Unaangalia nini?" mama akauliza.

"Najaribu waya." Akamweleza yote, kuanzia benchi la mahakama. Mikono yake ilikuwa mizito, akiacha maneno nusu, lakini mama yake aliyamalizia mwenyewe.

Mama aliutazama ule waya kwenye kioo. Halafu akasema, "Waya mzuri. Na yule mwanamke, umekwenda kwake?"

"Hataki kuniona."

"Sikukuuliza anataka nini. Nimekuuliza umekwenda?"

Alikwenda alasiri ileile, mkoba ukiwa umepungua uzito lakini miguu haijui hilo. Wifi ndiye aliyefungua mlango. Mshonaji alikuwa amekaa kando ya cherehani yake, mtoto kifuani. Alimwona Mkalimani, akageuza uso ukutani. Mkalimani hakumgusa bega, wala hakuzunguka kwenda mbele ya macho yake. Alikaa kwenye mkeka akasubiri. Wifi alileta chai, ikapoa.

Baadaye mshonaji aligeuka. Akasimama, akamweka mtoto kwenye mapaja ya Mkalimani, maana alihitaji mikono yake. Na kwa kuwa ya Mkalimani sasa ilikuwa imembeba mtoto, hakuweza kujibu neno. Ilimbidi atazame tu.

"Uliniambia moyo unashuka," mshonaji akasema, akiashiria kwa nguvu mpaka vidole vinagongana. "Ukapotea. Wakaja watu wengi, wakanishika, wakanifunika uso. Nikajua mtoto amekufa. Nikajua na mimi nakwenda. Nililala nikijua hivyo. Unaelewa? Nililala nikijua hivyo."

Mkalimani alitikisa kichwa kwamba ameelewa. Machozi ambayo hakuwa na nguvu nayo kule safarini yalishuka sasa, na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Wifi, ambaye hakuelewa maneno lakini aliuona uso, alikuja akamchukua mtoto. Hapo Mkalimani akapata mikono. Aliomba radhi kwanza. Kisha akamsimulia mshonaji siku yake mwenyewe, taratibu, kama alivyoipata kwa muuguzi: daktari alisema nini, kwa nini hawakungoja, barakoa ilikuwa ya nini, mtoto alilia lini, nani alimbeba kwanza. Mshonaji alimwambia arudie pale mtoto alipolia. Akarudia. Akamwambia arudie tena.

"Alilia kwa sauti kubwa?" mshonaji akauliza.

"Muuguzi anasema alilifokea jengo zima."

Mshonaji akatabasamu kwa shida, akaketi tena kando ya cherehani. "Kliniki ijayo uje mwenyewe," akasema. "Simu sitaki."

"Nitakuja. Lakini zitakuwepo siku ambazo siwezi. Niko mmoja, na nimechoka."

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema hilo kwa mtu anayemtumikia. Mshonaji alimtazama mabega yale, akalikubali.

Mkalimani akamgeukia wifi. "Shangazi mtu, unapata nafasi kidogo?"

"Ya nini?"

"Nikufundishe maneno machache. Siku nikikosekana, usimame wewe."

Wifi alisitasita, akasema vidole vyake ni vya kufulia nguo, si vya hayo mambo. Lakini alimlaza mtoto, akaja kukaa. Walianza na "ngoja". Wakaenda "maumivu". Wakafika "mtoto mzima", na hapo wifi alichanganya vidole, akamwambia mshonaji kwa uso wa heshima kabisa kwamba mtoto ni kiazi.

Mshonaji alicheka mpaka akashika mshono wa tumbo kwa uchungu, akamwashiria wifi yake arudie.